Kumzoesha Kobe Mchanga Kula Majani

Kobe mchanga wa majini hana haraka ya kujua mboga ni nini. Mwekee jani la saladi juu ya maji, atalisukuma kwa pua, apite chini yake, kisha aibukie upande wa pili akizitafuta punje zake za dukani. Mwekee nyungunyungu, na kabla hujatoa mkono majini ameshamng'ata.

Nchini Marekani, ambako kobe hawa hufugwa kwa wingi katika matangi ya kioo sebuleni, kisa hicho hujirudia nyumba baada ya nyumba. Mwenye kobe amesikia kwamba mnyama wake anahitaji mboga. Kila asubuhi anaosha majani, anayakatakata na kuyatia kwenye tangi, na kila jioni anayatoa yakiwa yamelegea bila hata alama ya kung'atwa. Anaanza kuwa na wasiwasi: je, kobe wangu mgonjwa? Je, nimemdekeza?

Mara nyingi jibu ni hapana. Kobe huyo anafanya kile ambacho umri wake unamtaka afanye. Hata hivyo, mwenye kobe hakosei kuhangaika, kwa sababu mnyama huyo huyo akikua, sehemu kubwa ya chakula chake itakuwa mimea. Mlezi anabeba kazi mbili kwa wakati mmoja: kumpa mtoto protini anayoidai leo, na kumzoesha taratibu majani atakayoyategemea miaka ijayo. Kazi hiyo inawezekana, na njia zake zinajulikana.

Anatoka Mississippi

Kobe wa majini anayefugwa zaidi duniani ni yule mwenye mstari mwekundu nyuma ya kila jicho. Kwa jina la kisayansi ni Trachemys scripta elegans, na asili yake ni bonde la Mto Mississippi, kuanzia jimbo la Illinois kushuka hadi Ghuba ya Meksiko. Anapoanguliwa, gamba lake lina urefu wa sentimita tatu hivi. Jike aliyekomaa anaweza kukaribia sentimita 30, na akitunzwa vizuri huishi miaka 20, 30 au zaidi.

Udogo ule wa mwanzo ndio uliowavutia wanunuzi. Katikati ya karne ya 20 kobe wachanga waliuzwa kwa bei ya chini kabisa katika maduka ya Marekani, mara nyingi pamoja na bakuli dogo la plastiki na kikopo cha wadudu waliokaushwa. Wengi walikufa mapema. Watoto wengi nao waliugua, kwa kuwa kobe hubeba bakteria wa salmonela bila yeye mwenyewe kuonyesha dalili yoyote. Mwaka 1975 serikali ya Marekani ilipiga marufuku kuuza kobe wenye gamba lisilofika inchi nne, yaani kama sentimita 10, kwa ajili ya kufugwa nyumbani. Biashara ya nje iliendelea: kati ya mwaka 1989 na 1997 zaidi ya kobe milioni 52 wa aina hii walisafirishwa kutoka Marekani kwenda nchi nyingine.

Idadi hiyo inaeleza kwa nini swali la majani linaulizwa katika lugha nyingi. Mamilioni ya watu walimpokea mnyama mchanga bila maelezo ya namna mlo wake utakavyobadilika.

Kwa nini anaipenda nyama

Katika mabwawa ya kwao, kobe aliyetoka kuanguliwa hula wadudu wa majini, viluwiluwi, konokono wadogo na mabaki ya samaki. Mwaka 1969 watafiti Clark na Gibbons walichapisha uchunguzi wao kuhusu kobe wa jamii hii huko South Carolina. Walipolinganisha chakula cha wadogo na cha wakubwa, walikuta tofauti ya wazi: wachanga walikuwa wala nyama kwa sehemu kubwa, ilhali waliokomaa walijaza matumbo yao kwa mimea.

Sababu yake inaeleweka. Kobe mwenye gamba la sentimita tatu ni windo la korongo, rakuni, samaki wakubwa na hata kobe wengine. Gamba lake bado laini. Usalama wake uko katika kukua upesi, na protini ndiyo inayojenga mwili upesi. Akishakuwa mkubwa hesabu inabadilika. Kuwakimbiza wadudu wadogo hakumlipi tena jasho lake, na maadui waliokuwa wakimmeza mzima hawamwezi. Mimea imemzunguka kila upande na haikimbii.

Je, tumbo la mdogo haliwezi majani? Hilo lilichunguzwa pia. Karen Bjorndal wa Chuo Kikuu cha Florida, pamoja na Sarah Bouchard, walionyesha kwamba udogo wa mwili peke yake haumzuii kobe kumeng'enya mimea. Anaweza kuila, ila nyama inamkuza haraka zaidi. Kabla ya hapo, mwaka 1991, Bjorndal alikuwa amechapisha matokeo mengine yenye faida kubwa kwa mfugaji. Aliwalisha kobe vimmea vidogo vinavyoelea juu ya maji, kisha akawalisha vimmea hivyo vikiwa vimechanganywa na mabuu ya wadudu. Waliopewa mchanganyiko walipata nguvu zaidi kutoka kwenye mimea ile ile kuliko waliokula mimea mitupu. Mimea huvunjwavunjwa na vijidudu vinavyoishi ndani ya matumbo, na inaelekea kwamba protini kidogo huvisaidia kufanya kazi.

Kwa hiyo mfugaji hana sababu ya kuichukulia nyama kama adui wa mboga. Ndani ya tumbo la kobe, vyakula hivi viwili vinasaidiana.

Chakula cha kwanza hakisahauliki

Kuna utafiti mwingine ambao kila mwenye kobe angefaa kuujua. Mwaka 1966 Gordon Burghardt na Eckhard Hess wa Chuo Kikuu cha Chicago waliandika katika jarida la Science kuhusu kobe wachanga wa aina nyingine ya Marekani, wale wenye mdomo mkali unaong'ata kwa nguvu, Chelydra serpentina. Waliwagawa katika makundi: kundi moja lilianzishwa kwa nyama, jingine kwa samaki, jingine kwa minyoo. Walipowapa nafasi ya kuchagua, kobe waliegemea kile walichoanzishiwa. Hata walipolishwa chakula kingine baadaye, kile cha kwanza kiliendelea kuwavuta.

Aina ile si hii inayofugwa sana, lakini somo lake linalingana na wanayoyaona wafugaji kila siku. Kobe aliyekula uduvi mkavu peke yake kwa miezi sita huona jani kama takataka iliyodondokea tangini. Aliyekuwa na majani mbele yake tangu wiki za kwanza, hata kama hakuyagusa, anayajua kwa sura, kwa harufu na kwa jinsi yanavyoelea. Siku njaa na udadisi vinapokutana, atayang'ata.

Hasara ya kula nyama tu

Madaktari wa wanyama huitambua haraka dalili moja ya kobe aliyelishwa vibaya: kope zilizovimba mpaka macho yakafumba. Hiyo mara nyingi ni ishara ya upungufu wa vitamini A. Kobe asiyeona haoni chakula, kwa hiyo anaacha kula, na kuacha kula kunazidisha upungufu. Wengine hutokwa na kamasi, au huota uvimbe wenye usaha kwenye sikio, pembeni mwa kichwa. Hali hii huwapata hasa kobe waliokuzwa kwa uduvi mkavu au vipande vya nyama pasipo kitu kingine. Majani ya kijani kilichokolea, karoti na boga vina viini ambavyo mwili wa kobe hugeuza kuwa vitamini hiyo.

Hapa pana onyo. Mwenye kobe asinunue dawa ya vitamini A na kumpa mnyama kwa kukisia. Ikizidi, ngozi hubabuka na kuacha vidonda. Macho yakivimba, mahali pa kwenda ni kwa daktari anayewajua wanyama watambaao.

Hasara ya pili iko kwenye gamba. Nyama tupu, bila mifupa, ina fosforasi nyingi na kalisiamu kidogo, ilhali kobe anahitaji kalisiamu iwe kama mara mbili ya fosforasi. Kikikosekana kiwango hicho, mwili unaichota kalisiamu kutoka kwenye mifupa, na gamba linakuwa laini au linapinda. Majani mengi ya kijani husaidia kurudisha uwiano huo. Wafugaji wengi huweka pia mfupa wa ngisi tangini, kobe autafune apendapo. Yote hayo hayafai kitu bila mwanga: kobe anahitaji jua lenyewe au taa maalumu inayotoa miale ya UVB, maana bila miale hiyo mwili wake hautengenezi vitamini D3 ya kutosha, na kalisiamu anayoila inapita tu.

Ya tatu ni unene. Nyama nyingi mno kwa kobe anayekua humwongezea mafuta mpaka nyama ya miguu inafura na kutokeza nje ya gamba kila anapojaribu kujificha.

Majani gani?

Katika masoko ya Marekani, mboga zinazopendekezwa zaidi ni saladi ndefu aina ya romaine, majani ya dandelioni na jamii ya sukuma wiki. Sukuma wiki na kabichi zinafaa kwa zamu, si kila siku, kwa kuwa zina viini ambavyo vikizidi mno vinaweza kuisumbua tezi ya shingo. Boga na karoti zilizokunwa ni nyongeza nzuri. Vimmea vile vidogo vya kijani vinavyotanda juu ya maji yaliyotulia, Lemna kwa jina la kitaalamu, ni miongoni mwa vyakula ambavyo kobe wachanga huvikubali mapema kuliko vyote. Vinaelea mbele ya pua zao, vinafanana na chakula chao cha porini, na visipoliwa leo vinabaki hai vikiongezeka mpaka kesho.

Saladi ile ya mviringo, nyeupe kwa ndani, ni maji tu kwa sehemu kubwa. Inajaza tumbo bila kulisha. Spinachi na mchicha vina oksalati, ambayo hufungamana na kalisiamu na kuizuia isitumike, kwa hiyo vitolewe kwa nadra. Matunda yawe kidogo sana kwa sababu ya sukari. Parachichi na vitunguu visitiwe kabisa. Majani yaliyochumwa kandokando ya barabara au kwenye bustani iliyopuliziwa dawa hayafai, hata yakioshwa.

Namna ya kumshawishi

Jambo la kwanza la kuangalia ni joto. Damu ya kobe haijipashi moto yenyewe. Maji ya tangi la mtoto yanatakiwa yawe kama nyuzi 24 hadi 27 za Selsiasi, na jiwe au ubao wa kuotea joto uwe na nyuzi 32 hivi. Kobe aliyepoa hali mboga wala nyama. Anayekataa kila kitu, hata anachokipenda, hana tatizo la uchaguzi wa chakula. Ama ana baridi, ama anaumwa.

La pili ni mahali pa kulia. Kobe wa majini hana mate ya kutosha kulainisha tonge, na ulimi wake haunyanyuki kulisukuma. Humeza kwa msaada wa maji. Mboga zikiwekwa kwenye kisahani pakavu, hata akizitaka hawezi kuzila.

La tatu ni saa. Wafugaji wenye uzoefu hutanguliza majani asubuhi, wakati kobe ameshaota joto na tumbo li tupu, kisha punje za dukani au wadudu hufuata baadaye. Jani huachwa tangini mchana kutwa, likiwa limebanwa kwenye kioo kwa kibanio ili litikisike na mkondo wa maji, halafu huondolewa jioni kabla halijaoza. Huko kutikisika kuna maana, kwani macho ya kobe mchanga yanavutwa na kinachosogea.

La nne ni umbo na harufu. Jani zima ni kubwa kuliko kichwa chake na hajui aanzie wapi. Likikatwa vipande vyembamba virefu, kila kipande kinajipinda majini kama mnyoo. Vipande hivyo vinaweza kuchovywa kwenye maji yaliyolowekewa punje, au kwenye maji ya kopo la jodari lisilotiwa chumvi. Anaponusa harufu anayoijua, anang'ata, na baada ya kung'ata anakuta ladha mpya. Kobe huona rangi vizuri, na wengi huvutwa na nyekundu na manjano. Ndiyo maana vipande vidogo vya pilipili hoho nyekundu au boga huwa mara nyingi mboga ya kwanza kuliwa.

Kwa mkaidi kabisa ipo njia inayotumiwa pia katika bustani za wanyama. Majani na mboga husagwa pamoja na samaki au kamba, huchanganywa na jelatini isiyo na sukari wala ladha, huachwa yagande, kisha hukatwa vipande vidogo. Kobe hawezi kuchagua nyama na kuacha jani. Mwanzoni samaki ndiye mwingi. Wiki zinavyopita, samaki hupunguzwa na majani huongezwa kidogo kidogo.

Kuna njia moja isiyofaa kwa mtoto: kumnyima chakula siku nyingi ili njaa imlazimishe. Kobe mkubwa mwenye afya anaweza kustahimili siku kadhaa bila kula. Mchanga anajenga gamba na mifupa kila siku na hana akiba ya mwili. Apewe protini yake kwa kipimo, na kipimo kinachotumiwa na wengi ni rahisi: punje za mlo mmoja zisizidi ukubwa wa kichwa chake. Wengi wa wanaosema kobe wao hali mboga huwa wamemshibisha punje asubuhi. Atajisumbuaje na jani?

Kobe wa huku kwetu

Msomaji wa Afrika Mashariki asichukue ushauri huu akaupeleka kwa kila mwenye gamba. Kobe wa nchi kavu, kama yule mkubwa mwenye madoa anayeonekana katika mbuga za Kenya na Tanzania, ni mla nyasi na majani tangu anapoanguliwa. Kumlisha nyama ni kumdhuru. Kobe wakubwa wa kisiwa cha Changuu, karibu na Mji Mkongwe wa Zanzibar, ni mfano ambao wengi wameuona: wanne wa kwanza waliletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919, na hadi leo wageni huwalisha mboga za majani kwa mkono.

Mfano wa huku kwetu wa mlo unaobadilika kulingana na umri unapatikana baharini. Kasa wa kijani anapoanguliwa huenda bahari kuu, ambako hula viumbe vidogo pamoja na mimea. Akishakua kiasi hurudi karibu na pwani, na polepole anakuwa mla nyasi za baharini na mwani. Wanaotembelea bwawa la Mnarani, Nungwi, huwaona kasa wakinyoosha shingo kudaka mwani wanaorushiwa.

Wanyama hao wote wanalindwa. Nchini Tanzania Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, na nchini Kenya sheria ya mwaka 2013, haziruhusu mtu kumchukua kobe wa porini na kumfuga bila kibali. Aliyemkuta kobe njiani amwache aende zake.

Mwaka kwa mwaka

Kwa kobe wa tangini, mpango wa kumlisha hubadilika kadiri gamba linavyoongezeka. Katika mwaka wa kwanza hupewa protini kila siku, na majani yapo tangini kila siku pia, yakiliwa au yasiliwe. Kuanzia mwaka wa pili protini inaweza kuwa siku moja baada ya nyingine. Akikomaa, majani yanakuwa chakula cha kila siku, na punje au wadudu hutolewa mara mbili au tatu kwa wiki. Wengine hubadilika mapema. Wengine hukaa mwaka mzima wakilipuuza jani, kisha siku moja wanalimaliza lote. Kupima uzito kila wiki na kuandika daftarini kunamwonyesha mlezi kama mnyama anakua sawasawa au ananenepa tu.

Mikono ioshwe kwa sabuni kila baada ya kugusa kobe, maji yake au mabaki ya mboga, na maji ya tangi yasimwagwe kwenye sinki la kuoshea vyombo. Watoto wadogo wasimbusu.

Anayeshindwa kumtunza asimwachilie mtoni wala bwawani. Kobe huyu yumo katika orodha ya viumbe vamizi 100 vibaya zaidi duniani iliyotolewa na shirika la IUCN, kwa sababu waliotupwa wameenea katika mabwawa ya Ulaya na Asia, wakigombania chakula na mahali pa kuotea jua na kobe wenyeji. Umoja wa Ulaya ulizuia kuwaingiza mwaka 1997. Japani ilipiga marufuku kuwauza mwaka 2023, na pia kuwaachilia, lakini iliwaruhusu waliokuwa nao tayari waendelee kuwafuga. Familia hizo za Japani zina miaka mingi mbele ya kuosha majani na kuyabana kwenye kioo, na kobe wao wengi wameshafika umri wa kuyala bila kubembelezwa.